Fundi Hezron Nzunda na Meza Isiyopita Mlangoni

Ndugu waombolezaji, majirani wa Iyula, na ninyi mliotoka Tunduma, Vwawa na ng'ambo ya mpaka, Nakonde: aliyelala mbele yenu ni Hezron Yohana Nzunda, ambaye wengi mlimwita Fundi tu. Wengi wenu mmekalia, mmelalia au mmekula chakula juu ya kazi ya mikono yake. Mjane wake, Mama Tumpale, aliposomewa wasifu wa kwanza ulioandikwa na familia, alitikisa kichwa. "Mmempamba kama bibi harusi," alisema. "Huyo simjui. Andikeni alivyoishi." Basi umeandikwa upya, na unasomwa na mdogo wa marehemu, Shadrack Nzunda, kwa ruhusa ya mama huyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa hapa Iyula, mtoto wa pili wa Mzee Yohana Nzunda na Mama Ruti, wakulima wa kahawa na mahindi. Tangu angali mdogo mikono yake haikutulia. Mama Ruti alipenda kusimulia jinsi alivyokifungua kiti cha baba yake, kipande baada ya kipande, apate kujua kwa nini hakianguki, kisha akakisimamisha tena kwa kukiegemeza tu. Mzee Yohana akarudi kutoka kwenye kahawa, amechoka, akakaa. Kijiji kizima kilisikia. Hezron alichapwa, halafu akaambiwa akirudishe kiti kama kilivyokuwa. Hakikurudi. Lakini tangu siku hiyo alijua mbao mbili zinavyoshikana, na hakusahau tena.

Alisoma shule ya msingi hapa Iyula kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Hesabu alizipenda, kazi za mikono alizipenda zaidi. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Baba yake alikwisha kumwekea upande wa shamba la kahawa, ila yeye aliomba apelekwe Ihanda kwa Mzee Raphaeli Haonga, seremala aliyekuwa na jina kubwa nyakati hizo. Mzee Raphaeli hakuwa mtu wa huruma. Mwanafunzi alinoa patasi na visu vya randa kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kugusa mbao. Mbao zenyewe zilikaa chini ya paa mpaka zikauke kwa hiari yao. Kiti kilipokamilika, mzee alipanda nacho darini kwenye ghala la kahawa akakitupa chini. Kikilegea, kilikwenda jikoni. Viti vya mwanzo vya Hezron viliivisha maharage mengi.

Huko ndiko alikojifunza kuunga bila msumari. Ncha ya mbao moja huchongwa ulimi, mbao ya pili hutobolewa tundu, vikaingiana na kukazwa kwa kigingi cha mti mgumu. Kazi hiyo ni ya taratibu, nayo ilimfanya naye awe mtu wa taratibu, na tuseme ukweli, mtu mbishi. Akishika njia yake hakubanduka.

Tarehe 10 Septemba 1983 alifunga ndoa na Tumpale Kibona wa milima ya Ileje. Walikutana alipopeleka kitanda cha harusi ya kaka yake Tumpale, kitanda kilichopandishwa mlimani mabegani mwa watu kwa sababu gari lilishindwa na tope. Alipokwenda posa alibeba kigoda alichokichonga mwenyewe. Mama mkwe alikikalia, akajigeuza huku na huku, akasikiliza. Kisha akawaambia waliokuwepo, "Mtu ambaye kiti chake hakilalamiki, labda na binti yangu hatalalamika." Posa ikapokewa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Watson mwaka 1985 na Jenista mwaka 1989.

Mwaka 1984 walihamia Tunduma. Marehemu alifungua karakana kando ya barabara, mwanzoni ikiwa nguzo na turubai tu, baadaye ikapata bati. Alitengeneza vitanda, makabati ya vyombo, meza, viti vya kamba na vigoda. Wazambia walivuka mpaka kumfuata. Mmoja wao, mama mfanyabiashara wa Nakonde, alikuwa akipita kila siku ya gulio akiita tokea barabarani kwa salamu ya Kibemba, "Mulishani, ba Hezron! Kitanda changu, mukwai?" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Mbao haijakauka, mama." "Basi binti yangu ataolewa alale chini?" "Akiolewa alale chini kidogo. Kitanda kikija, atalala juu mpaka awe bibi." Mama yule aliondoka akisonya, na gulio lililofuata alikuwepo tena. Kitanda kile kipo Nakonde hadi leo, na wajukuu wanakilalia.

Watoto wake wote wawili walikulia kwenye maranda. Watson alikuwa na mkono. Alipokuwa kijana, baba yake alimwachia kutoboa matundu ya makabati bila kumkagua, jambo ambalo hakumfanyia mtu mwingine. Jenista alikuwa na jicho. Yeye ndiye aliyechagua mbao ipi ikae mbele, mistari yake ikielekea wapi, na vanishi aliipaka yeye. Wateja walizoea kuwakuta watatu hao wakifanya kazi bila kusemeshana, kila mmoja akijua mwenzake anataka nini. Mama Tumpale anasema miaka ile alikuwa akileta chai karakanani na kusimama mlangoni kidogo kabla ya kuwaita, ili awatazame tu.

Marehemu alikuwa Mkristo tangu ubatizo wake. Huko Tunduma familia ilisali katika kanisa la mtaani lililoanza na watu wachache waliokalia matofali. Hezron alitengeneza mabenchi yote. Mwaka 1999, ukuta wa mbele ukiwa haujajengwa, alianza kutengeneza Meza ya Bwana. Mbao zilikuwa za mninga kutoka bonde la Momba, ambazo alikuwa amezihifadhi kwa ajili ya kitanda chake na mkewe. Tumpale ndiye aliyesema, "Peleka kanisani. Sisi tumekwisha kulala vya kutosha." Watson alichonga miguu pamoja na baba yake, Jenista alisugua uso wa meza kwa msasa mpaka ukang'aa. Ilikuwa meza pana na nzito. Baadaye ukuta ukajengwa na mlango ukawekwa, ndipo watu walipogundua kwamba meza haiwezi kupita mlangoni, hata ukiilaza ubavu. Waumini walicheka. Mchungaji wa wakati ule akasema angalau kwa meza hii hawahitaji mlinzi.

Tunafika sasa mahali ambapo wengi mliopo mnapafahamu, na wengine mngependa tuparuke. Mama Tumpale amekataa parukwe.

Mwaka 2017 kanisa lile liliingia katika mgogoro wa uongozi. Chanzo chake kila upande unacho cha kwake, na msibani si mahali pa kukitafuta. Ilitosha kwamba watu waliokuwa wakibatiziana watoto walianza kupishana barabarani kama wageni. Watson alikuwa mzee wa kanisa, akawa na upande uliotaka kuondoka. Jenista alikuwa kiongozi wa kwaya, akawa na upande uliobaki. Marehemu hakwenda popote. Aliendelea kukaa kwenye benchi lake la nyuma, na pande zote mbili zilianza kumtazama vibaya.

Jumamosi tarehe 9 Juni 2018 pande hizo zilikutana kugawana vitu. Mabenchi yaligawanywa. Ngoma, vitambaa na viti vikagawanywa. Ikabaki meza, na kura ikauangukia upande unaoondoka. Watu wakaiinua, wakaigeuza, wakaigonga kwenye fremu ya mlango. Ikakataa. Marehemu akaitwa kutoka karakanani.

Mzee mmoja akamwambia, "Fundi, wewe ndiye uliyeifunga. Tufungulie."

"Haifunguki," akajibu. "Sikuitengeneza ifunguke."

"Basi itatokaje?"

"Haitoki."

Jenista alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya meza. "Mmesikia baba alivyosema," aliwaambia. "Iacheni ikae."

Watson alitoka nje. Aliporudi alikuwa na msumeno.

"Watson," baba yake alimwita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwomba ampe penseli. "Weka hicho kitu chini."

"Baba, meza hii si yako tena. Ulikwisha kuitoa kwa Bwana."

"Kama ni ya Bwana, unamkatia nani?"

Watson alipiga magoti. Kwa kuwa alijifunza kwa mkono ule ule ulioiunga, alijua pa kuanzia, na haikuchukua muda. Jenista alimpiga kaka yake mgongoni kwa ngumi mpaka akina mama wakamtoa nje akilia. Marehemu hakumzuia mtu. Alisimama akiangalia hadi mguu wa mwisho ulipokatika na uso wa meza kutolewa mlangoni ukiwa umesimama ubavu. Kisha akachukua kofia yake, akarudi nyumbani kwa miguu, akaipita karakana yake bila kuingia.

Mama Tumpale alimkuta amekaa kizingitini.

"Wamegawana?"

"Wamegawana."

"Na meza?"

"Watson ameikata."

Mama akauliza swali ambalo hadi leo hajui kwa nini aliliuliza. "Kwa msumeno wa nani?"

"Wa kwangu," alisema marehemu. "Niliompa alipooa."

Tangu siku hiyo upande ulioondoka ulikuwa na uso wa meza usio na miguu, na uliobaki ulikuwa na miguu iliyoachwa mle ndani, isiyo na uso. Haukupita muda wajumbe wakaanza kufika karakanani. Waliotangulia walitaka miguu mipya. Waliofuata walitaka uso mpya. Wote aliwapa jibu moja. "Leteni mlicho nacho hapa, na wenzenu walete walicho nacho. Nitaviunga. Sitaki malipo."

"Halafu meza itakaa kwa nani?"

"Hilo fundi hawezi kuwajibia."

Waliondoka kwa hasira, hawa na wale. Upande mmoja ukanunua meza ya kioo dukani, mwingine ukachomelesha ya chuma. Na kila upande ukaamini kwamba Fundi ni mtu wa upande wa pili. Wateja wa kanisani, waliokuwa wengi, wakapungua, wakaanza kununua makochi yaliyokuja na malori. Jumapili marehemu alibaki nyumbani na mkewe, wakasoma Neno wawili na kuimba bila kwaya. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuja kumpa ushirika. Tumetamka hilo hapa kwa sababu Mama ametaka litamkwe, lakini hakutaka tumtaje mtu, na hatumtaji.

Ila hakutaka pia tumtetee mume wake kupita kiasi. Hezron Nzunda alikuwa mgumu wa kusamehe. Watson alifungua karakana yake upande wa barabara iendayo mpakani, yenye mashine za umeme, akitengeneza makabati kwa mbao za viwandani. Baba yake hakukanyaga pale. Watson alipotuma wazee kuomba radhi, marehemu aliwauliza, "Uso wa meza amekuja nao?" Wakasema uso wa meza ni mali ya kanisa, hawezi kuubeba. "Basi na mimi radhi yangu siwezi kuibeba." Mjukuu wake Ipyana alizaliwa, akatambaa, akatembea, babu yake hajamwona. Mke wa Watson ndiye aliyevunja ukaidi huo. Alimleta mtoto mwenyewe, akamweka chini kwenye maranda, akageuka kwenda zake bila kusalimia. Marehemu alimnyanyua mtoto. Jioni Mama Tumpale aliwakuta wote wawili wamelala kwenye mkeka. Lakini na baba wa mtoto hakuzungumza.

Jenista naye hakumsamehe kaka yake. Alifunga mlango wake kwa Watson na kwa watoto wa Watson. Baba yake angeweza kumwambia neno. Hakumwambia.

Ugonjwa ulianza mwaka 2022 kwa kikohozi kikavu. Marehemu alikiita kikohozi cha baridi ya Tunduma, akanywa tangawizi na kuendelea kupiga randa. Alipopelekwa Mbeya, madaktari walisema mapafu yamechakazwa na vumbi la mbao la miaka yote ile, na kwamba yaliyoharibika hayarudi. Alielekezwa aache karakana. Aliacha kwa shida, kwa sababu alikuwa na kazi moja iliyobaki. Akilala chali alikosa pumzi, hivyo alijitengenezea kiti cha kulalia, chenye mgongo mrefu ulioinama na mikono mipana. Alipiga randa kidogo, akakaa, akahema, akapiga tena. Jenista alishika mbao na kumsihi aache. "Nikiacha nitalala wapi?" alimjibu. Kiti kilikamilika Aprili 2024, na tangu wakati huo hakulala kitandani tena.

Mwezi Oktoba mwaka huu alilazwa. Siku ya tatu Watson alikuja hospitalini, akasimama mlangoni mwa wodi akiwa na chungwa mkononi, kama mgeni asiyejua kitanda cha mgonjwa wake. Mama Tumpale alimwita aingie. Baba na mwana walizungumza kwa Kinyiha, polepole, kwa sababu ya pumzi.

"Baba, bado unanidai?"

"Kaa kwanza."

Watson alikaa ukingoni mwa kitanda. Baba yake aliushika mkono wake, akaugeuza kiganja juu, akapitisha kidole kwenye sugu. "Mashine haijakumaliza mkono," alisema. Watson alianza kulia. Wakati huo huo Jenista aliingia na chupa ya uji. Alimwona kaka yake. Aliiweka chupa sakafuni pale pale aliposimama, akatoka, na hakurudi hadi Watson alipoondoka.

Marehemu alikuwa ameona. Alikaa akiutazama mlango, kisha akamwuliza Watson, "Ninyi wawili mtanizika vipi?"

Watson aliliacha chungwa kitandani, akaondoka. Mama Tumpale alipomfikishia Jenista swali hilo jioni ile, Jenista aliichukua chupa ya uji akaenda kuiosha.

Hezron Yohana Nzunda alifariki dunia Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, asubuhi, nyumbani kwa Jenista huko Tunduma, alikopelekwa alipotoka hospitalini, akiwa kwenye kiti chake. Mama Tumpale alikuwa ameketi karibu naye akichambua maharage, akimwuliza kama mahindi ya Iyula yapandwe mapema mwaka huu au wasubiri mvua ya pili. Hakujibu. Mama alidhani amesinzia, akaendelea kumsimulia habari za shamba mpaka maharage yakaisha.

Siku iliyofuata Watson alileta mbao za mninga kwenye ua, apime jeneza la baba yake. Jenista alisimama getini. "Mkono ule hautampima baba," alisema. Wajomba walisihi, shangazi wakasihi. Watson alisema anaomba jambo hili moja tu maishani mwake. Jenista alisema yeye aliomba jambo moja tu mwaka 2018. Mbao zilikaa getini mchana kutwa, watu wakizipita, mpaka Mama Tumpale alipotoka ndani. "Nendeni mkanunue," alisema. Ndiyo maana jeneza hili mnaloliona limetoka dukani. Limepigiliwa misumari na kubandikwa karatasi yenye sura ya mbao. Tunawaomba radhi mafundi mliopo hapa, kwa maana tunajua mmeliona na mmenyamaza kwa heshima.

Kwa agizo la mama huyo huyo, wachungaji wa pande zote mbili wamekaribishwa kama waombolezaji, na ibada inaongozwa na Mwinjilisti Teresia wa Itaka, asiyehusika na upande wowote. Jenista na familia yake wako chini ya turubai la kushoto. Watson na familia yake wako chini ya turubai la kulia. Hatukuwapanga hivyo. Walikaa wenyewe.

Marehemu ameacha mjane, Mama Tumpale Kibona. Mdogo wake, Shadrack. Na wajukuu, Atupele, Leah na Ipyana. Ameacha watoto wawili. Mchapaji alikuwa amewaweka kila mmoja kwenye ukurasa wake, pamoja na mwenzi wake na watoto wake. Mama Tumpale hasomi vizuri, lakini majina ya wanawe anayajua kwa sura yake, na alipofunua kurasa akayakuta mbalimbali, alirudisha karatasi zote zikachapwe tena. Sasa yamekaa hivi, kwenye mstari mmoja, na tunawaomba wenye majina hayo wayatazame:

Watson na Jenista.

Hezron, fundi, Mungu akupumzishe kwa amani ambayo sisi tulishindwa kukupa.